Sentimita Kumi na Moja za Kiuno cha Mbuke

Jumanne, 13 Mei 2025

Wateja wawili tu leo. Mchimbaji mmoja aliyetaka picha ya kitambulisho, na Mbuke. Ng'ambo ya barabara, kwa Doto, wameingia wasichana kumi na tisa. Doto hana studio. Ana simu, taa ya duara na kiti cha plastiki. Mimi nina kamera tatu, kabati mbili za vitabu, na pazia lenye nguzo za marumaru nilizochora kwa mkono wangu mwaka 1991. Nilipotoka Pangani nilisema nakuja Runzewe kwa miaka miwili. Huu ni wa arobaini na moja.

Mbuke ni binti wa mgahawa wa jirani. Mama yake hupika, yeye huhudumia. Tarehe 28 Juni anaolewa na Abel, mkulima wa tumbaku wa Ushetu. Akaniamkia, akasema anataka picha moja ya kusimama, apelekewe Sesilia, shangazi yake Abel. Sikuuliza ya kazi gani. Nilijua: ya ukutani.

Hapo nikaona mwanya. Picha ikiwapendeza Ushetu, wataniita mimi kwenye harusi, na Doto atakaa na taa yake. Lakini kupendeza ni nini hasa? Mimi si mtu wa kubahatisha. Tamthilia ilipoanza nilisimama mbele ya televisheni na rula. Kila mwigizaji wa kike aliyesimama wima nilimpima: mabega, kiuno, nyonga. Saba kwa jumla. Mke wangu, Bi Zuwena, akalalamika kwamba nimemziba. Akaongeza kwamba mwanamume wa miaka sitini na tano anayepima viuno vya wanawake wa kwenye kioo hana la kuwaambia malaika. Nikaendelea kupima. Nilikuwa natafuta wastani.

Kisha kompyuta. Nimemvuta Mbuke kiunoni kuelekea ndani, kulia na kushoto, mpaka akaufikia wastani. Nimemng'arisha uso kidogo. Kazi safi!

Alhamisi, 15 Mei

Mbuke kaja kuchukua picha. Kaitazama muda mrefu. Kauliza kama ni yeye kweli. Nikasema ni yeye, tofauti ni mwanga tu. Akatabasamu. Kisha akaenda kwenye kioo changu cha wateja, akasimama ubavu, akavuta pumzi ndani, akaiachia. Akavuta tena. Akaondoka bila kuaga, na huyu ni mtoto anayeaga hata mbuzi.

Doto naye kapita, eti anaazima kiti. Macho yalikuwa kwenye nakala niliyotundika dirishani. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema mzee, nguzo yako imepata kibiongo. Nikatazama. Kweli. Nilipovuta kiuno, nguzo ya nyuma ilivutika nayo. Nikamwambia ndivyo zilivyojengwa zamani. Akasema sawa mzee, na watu wa zamani nao walikuwa hawana mbavu?

Wivu.

Alhamisi, 29 Mei

Balaa.

Gauni la harusi limefika kwa basi kutoka Shinyanga. Leo ndiyo nimeelewa. Katika familia ya Abel gauni hutoka kwa upande wa bwana harusi, na bibi harusi hapimwi. Linatakiwa limfikie kama zawadi. Kwa hiyo Shangazi Sesilia alimpelekea fundi wake picha. Picha yangu! Fundi kakata kwa kuiangalia.

Mama Mbuke alitualika, mimi na Bi Zuwena, tukalione. Lasi nyeupe, vifungo vya lulu, kazi ya mtu anayejua. Mbuke akaingia chumbani kulijaribu. Tukasikia zipu ikipanda, ikisimama. Ikipanda, ikisimama. Alipotoka alikuwa amevaa nguo zake za kawaida, gauni kalikunja mkononi kama mtu aliyebeba mtoto wa watu.

Mama yake akaleta futi. Kiuno cha Mbuke, sentimita sabini na tisa. Kiuno cha gauni, sitini na nane. Nikatoa kichwani: kumi na moja. Nilizijua hizo sentimita. Nilizichukua mimi.

Ilikuwa nafasi ya kusema. Mama Mbuke alikuwa akimlaani fundi, na Bi Zuwena alikuwa akinitazama mimi. Mbuke akasema kwa sauti ndogo kwamba fundi hana kosa. Yeye ndiye amenenepa tangu apigwe picha. Wiki mbili tu, kajiachia, gauni liko sawa. Atapungua.

Nikafungua mdomo. Nikasifu vifungo.

Jumatatu, 2 Juni

Mpango wa kwanza. Kwenda Shinyanga mwenyewe, kumwomba fundi alipanue gauni kimyakimya, kabla mtu hajajua lolote. Mama Mbuke nilimwambia nakwenda na gauni kurekebisha kifungo kimoja.

Fundi anaitwa Pantaleo, ana banda karibu na soko. Picha yangu kaibandika ukutani juu ya cherehani. Kasema hatumii futi tangu 1994, jicho lake halijawahi kumdanganya. Nikamwambia safari hii limemdanganya. Hakupenda. Akaelekeza kidole kwenye picha: kiuno ni hicho hapo, kama cha kwenye televisheni, mimi nimekikuta, sikukibuni.

Nikauliza mshono umeacha akiba kiasi gani. Sentimita moja kila upande, basi. Lasi ilikuwa fupi. Moja na moja, mbili. Bado tisa. Pantaleo akashauri binti aache wali. Akanikalisha, akaniagizia chai, akaanza kuniambia ya kazini. Wanawake wanamletea simu, wanamwonyesha gauni la mwimbaji fulani, la mtangazaji fulani. Anashona, hakosei hata pindo. Wanavaa, wanajitazama, wanalia. Wanasema siyo lile. Kumbe walichokuja kukitaka ni mwili, akasema, na mwili mimi siuzi kwa mita.

Akauliza mimi ni nani kwa binti. Nikasema mjomba, upande wa pwani.

Saa tano nzima ndani ya basi kurudi, gauni mapajani. Abiria wa pembeni akanipongeza kwa kuoa.

Jumamosi, 7 Juni

Idi ya kuchinja. Bi Zuwena kapika pilau la kwao Tabora, na kama kila mwaka tumepeleka sahani mgahawani, maana Krismasi wao hutuletea. Mbuke alipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Baadaye nimeiona sahani ile ile mbele ya dereva wa bodaboda.

Siku tisa sasa. Asubuhi anakunywa maji ya ndimu. Mchana tango. Kayapata kwenye simu, kuna mwanamke huko anayeeleza kwamba njaa ni sauti ya mafuta yakiaga. Mbuke anamsikiliza huku akigawa ugali na sangara kwa wanaume arobaini. Nakala ya picha yangu ameibandika ndani ya mlango wa kabati la vikombe. Kila akifungua anaitazama, kama mtu anayesoma maelekezo.

Bi Zuwena kaniuliza, bila kuinua macho kwenye sinia, kama nina jambo la kumwambia. Nikasema nyama imeiva vizuri.

Jumanne, 10 Juni

Mpango wa pili. Kama siwezi kulipanua gauni, nimpe binti nguvu bila yeye kujua. Nilinunua karanga, nikazisaga laini, nikatia maziwa ya unga na asali. Nikazichanganya kwenye chupa ya maji ya ndimu, nikampelekea, nikamwambia ni dawa ya kupunguza mwili, ya kipwani, ya bibi yangu.

Akainusa. Akasema babu, hii ni karanga. Nikasema ni harufu tu. Akasema kwa upole kwamba amekua akitwanga karanga tangu ana miaka mitano. Akanirudishia chupa. Mikono yake ni baridi. Saa saba mchana, mbele ya jiko la mkaa, mikono baridi.

Nikainywa mwenyewe. Tumbo limenisumbua hadi jioni.

Doto aliniona nikirudi na chupa. Kavuka barabara, safari hii hakucheka. Kasema mzee, kamwambie leo. Nikajifanya sielewi. Akasema yeye anazichonga pua za wasichana wa mji huu kwenye simu kila siku kwa sababu wanamwomba wenyewe, na wanamsimamia kichwani wakimwelekeza. Yeye mwenyewe ana miaka mitatu hajaweka mahali popote picha ya uso wake ulivyo. Amechoka, mzee. Lakini huyu hakukuomba.

Nikamwambia abaki na taa yake. Maneno mazito sana kwa mtu asiye na hata pazia.

Ijumaa, 13 Juni

Mpango wa tatu, na huu ni wa mtu aliyesoma. Tatizo si gauni, wala si Mbuke. Tatizo ni kwamba mji mzima umesahau mwanamke anafananaje. Basi nitaukumbusha! Nimefungua masanduku ya hasi, zile filamu za picha za zamani. Nimesafisha picha kumi na nne za wanawake wa Runzewe, mwaka 1987 hadi 1995. Wanawake wenye mikono, wenye mashavu, wenye nyonga za kukalisha mtoto. Nimezitundika dirishani pote, na kibao juu: UZURI WA KWELI, HAUJAGUSWA.

Mbuke lazima apite hapa kwenda kisimani. Ataona, atajirudi. Sitalazimika kusema neno.

Jumapili, 15 Juni

Mbuke amepita mara sita. Hajageuza shingo.

Waliogeuza ni wenyewe wa kwenye picha, ambao sikuwafikiria. Wa kwanza kataka yake ishushwe kabla ya ibada, kaokoka, na kwenye picha kavaa sketi fupi. Wa pili kaniuliza kwa nini nimempa jirani yake nafasi ya katikati. Wa tatu, shemasi mstaafu, kaniita pembeni, akaniomba kwa siri nimpunguze kidevu. Kidevu cha mwaka 1990!

Wa nne ni Mama Eunice, muuza dagaa. Yeye hakutaka chochote. Alisimama mbele ya picha yake, ana miaka ishirini na mbili, kanga mbili, kicheko. Akaniuliza kama namkumbuka siku ile. Nikasema vizuri. Akasema siku ile alirudi nyumbani akaificha picha chini ya godoro, kwa sababu dada zake wote walikuwa wembamba na kalenda ya dukani ilikuwa na mwembamba. Hakuitazama tena. Miaka thelathini na tano alijua alikuwa mbaya. Akasema, kumbe nilikuwa mzuri hivi, na hakuna aliyeniambia, hata wewe uliyekuwa nyuma ya kamera.

Aliondoka na beseni lake. Ni kweli sikumwambia. Nilimwambia asitingishike.

Jumatano, 18 Juni

Mbuke kaanguka.

Ilikuwa saa sita, mgahawa umejaa. Alikuwa na sahani tatu za wali. Mama yake anasema hakupiga kelele, alikaa tu chini taratibu kama mtu aliyechoka kusimama, sahani zikafuata. Wachimbaji wawili wakambeba kwa bajaji hadi kituo cha afya. Nilifika nikihema. Wamemtundikia dripu. Tabibu, mwanamke wa makamo, katuambia damu iko chini na sukari iko chini, na hayo yatapanda. Kisha akasema lililobaki haliko tumboni. Liko kichwani, nalo halipandi kwa dripu. Aje kila Jumatano, wazungumze. Akauliza nani amemwambia huyu binti kwamba amezidi.

Mama Mbuke akasema hakuna, jamani, hakuna mtu.

Bi Zuwena akanitazama. Miaka thelathini na nane ya ndoa iko ndani ya jicho lile. Nikaenda studio. Nikachapa picha ya kwanza, ile ya kabla sijaigusa kwenye kompyuta. Nikarudi na zote mbili.

Nikasema. Kila kitu: rula, tamthilia, waigizaji saba, wastani, kishale cha kompyuta. Nguzo pia, kwa ushahidi. Nikamweleza kwamba zile sentimita kumi na moja hakuzinenepa. Zilikuwa zake tangu mwanzo. Niliziondoa mimi, ili nimshinde Doto.

Mbuke akashika picha mbili, moja kila mkono. Nilitarajia aikazie macho ile yangu. Akaiweka chini. Akabaki na ya kwanza. Akaniuliza kama hii ilikuwa mbaya. Nikasema hapana, mjukuu wangu. Akasema, babu, wewe ulimwona huyu hapa, mzima, amesimama mbele yako anacheka, ukaona hatoshi?

Kabati mbili za vitabu. Nikainama kuokota picha aliyoiweka chini.

Akageukia ukutani. Mama Mbuke akanitoa hadi mlangoni, akanieleza mimi ni mtu wa namna gani. Alieleza kwa Kisukuma, ili nisielewe. Miaka arobaini na moja. Nimeelewa kila neno.

Ijumaa, 20 Juni

Sijakanyaga mgahawani. Habari naletewa na Bi Zuwena, kwa kipimo. Jana: nusu kikombe cha uji. Leo: uji kikombe kizima, akalia, akasema anahisi tumbo limejaa mpaka shingoni. Kanga imefunika kioo cha chumbani, kaiweka mwenyewe. Tabibu amesema kiachwe kimefunikwa kwanza.

Mchana akashuka kwenye gari Shangazi Sesilia, kutoka Ushetu, na gunia la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kichwani. Mama mrefu, sauti ya kuitia ng'ombe. Nilisikiliza kutokea uani kwangu, hakukuwa na haja ya kukaribia ukuta. Kumbe picha yangu ilipofika kwake alishtuka. Alidhani binti anaumwa. Akamwita Abel, akamwonyesha. Abel akasema shangazi, huyu simjui, labda ni dada yake. Basi mbona ulimpelekea fundi, akauliza Mama Mbuke. Sesilia akasema, ningempelekea nini, ndiyo picha niliyoletewa! Nikasema moyoni, akaendelea, mpiga picha wa mjini anajua zaidi yangu.

Kisha akaomba wembe. Nikapanda juu ya ndoo, nichungulie juu ya ukuta. Alikaa mkekani, akalifumua gauni la Pantaleo pande zote mbili kutoka kwapani hadi nyonga, akakata shuka jeupe alilokuja nalo, akatia vipande ubavuni. Alimwambia Mbuke, ng'wana wane, mwanangu, nguo ndiyo inayomtafuta mtu. Akamwekea michembe ya karanga pembeni bila kumwambia ale. Baada ya muda mrefu mkono wa Mbuke ukaenda kwenye bakuli. Kipande kimoja. Kikakaa kinywani. Kikashuka.

Ndoo ikateleza. Wamenisikia.

Jumamosi, 28 Juni

Harusi. Mpiga picha aliyeajiriwa: Doto. Sharti la bibi harusi: picha zisiguswe. Doto kaja bila ile taa. Kapiga kutwa nzima kwa mwanga wa jua, kanyamaza, na nakiri, kwa maandishi haya ambayo hatayaona, kwamba ana jicho.

Mimi nilialikwa kula. Nilikaa meza ya nyuma, kati ya Bi Zuwena na spika. Vipande vya ubavuni vilionekana wazi, weupe wa shuka na weupe wa lasi haulingani. Abel hakuonekana kujali. Alikuwa akimtazama usoni kama mtu anayehakikisha ni yeye. Mbuke alikula wali nusu sahani. Nilihesabu vijiko. Bi Zuwena pia.

Jioni alinijia mwenyewe, akapiga goti kidogo, shikamoo babu. Marahaba, nikasema. Akasema anataka picha moja kutoka kwangu, ya kusimama. Moja tu. Nikauliza kama ana uhakika. Akasema nataka uniangalie vizuri safari hii.

Nikamwangalia. Nikabonyeza. Nikamwambia amependeza, kwa sauti, mbele ya watu. Nimejitahidi.

Jumanne, 1 Julai

Picha imetoka vizuri. Mwanga mzuri, kicheko chenyewe. Nimeiangalia asubuhi nzima, kama nilivyoagizwa.

Ila amekonda. Mifupa ya mabega inaonekana, na mashavu yameingia ndani. Zile wiki tatu zote ziko usoni. Ndiyo picha atakayowaonyesha watoto wake, na watoto watauliza mama alikuwa anaumwa nini. Si haki. Nimefikiri sana, nimetafakari kosa langu kwa uaminifu, na nadhani sasa nimelielewa. Kosa lilikuwa kupunguza. Mtu hapunguzwi.

Kwa hiyo nimeongeza. Mashavu kidogo, mikono kidogo, kiunoni sentimita nne, kwa kipimo cha ile picha yake ya kwanza, si cha mwigizaji yeyote. Nimeulinganisha pia weupe wa gauni na wa shuka. Dakika ishirini na tano.

Kesho saa nne anakuja kuichukua, akitoka kwa tabibu. Sijamwambia kitu. Nataka aione ghafla, afurahi.